Chanjo kwa samaki wa kufugwa: tujue nini kabla ya kuomba fedha



Katika robo hii ofisi yetu ilipokea ombi ambalo hatukuwahi kulipata. Kikundi cha wafugaji wa samaki cha usharika mmoja wa hapa mjini, upande wa Mchikichini, kiliomba fedha za kununulia chanjo ya samaki. Kikundi hiki kinafuga sato katika matangi 3 ya zege, na katika wiki chache kilikuwa kimepoteza zaidi ya nusu yao. Barua yao iliuliza: kuku tunawachanja kila baada ya miezi kadhaa, kwa nini samaki tusiwachanje?

Swali hili ni la haki. Tumeona tulijibu hapa kwa wote, maana sharika nyingine nazo zina mabwawa, na wafadhili wetu wana haki ya kujua tunapokataa ombi tunakataa kwa sababu gani.

Samaki huchanjwa, wala si jambo geni. Mwaka 1942 huko Kanada mtafiti aitwaye Duff aliwalisha samaki aina ya trauti bakteria waliokwisha kuuawa kwa dawa, akaona kuwa samaki hao wanastahimili ugonjwa uliokuwa ukiwaua wenzao. Chanjo ya kwanza ya biashara ilipata kibali Marekani mwaka 1976. Lakini mfano unaotajwa zaidi ni wa Norwe. Mwaka 1987 wafugaji wa samaki wa nchi hiyo walitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwa mwaka mmoja, wakati mavuno yao ya salmoni yalikuwa tani 50,000 hivi. Chanjo zikaenea, hasa za sindano katika miaka ya 1990. Sasa wanavuna zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka, na antibiotiki wanazotumia hazifiki hata tani 1.

Karibu na kwetu, wafugaji wa sato katika vizimba vya Ziwa Kariba, Zambia, walipata pigo la ugonjwa wa bakteria aina ya laktokokasi katika miaka ya 2015 na 2016. Watafiti waliwachukua bakteria wa ziwa lile lile, wakawaua, wakatengeneza chanjo ya sindano, na katika majaribio samaki waliochanjwa walipata kinga. Hapo ndipo penye jambo kubwa: walianza kwa kumjua adui kwa jina.

Wenye kufuga kuku watatuelewa haraka. Chanjo ya kideri haizuii gumboro. Vivyo hivyo chanjo ya streptokokasi, ugonjwa unaowasumbua sana sato duniani, haimlindi samaki na aeromonasi wanaoleta vidonda na kuvimba tumbo. Hata ndani ya streptokokasi zipo aina mbalimbali, na chanjo ya aina moja inaweza isifae kwa nyingine. Anayesema ana “chanjo ya samaki” bila kutaja ugonjwa, ni sawa na anayeuza “dawa ya homa” bila kuuliza ni homa gani.

Chanjo nayo haiponyi. Inaufundisha mwili wa samaki mzima kumtambua adui kabla hajafika, na mwili unahitaji muda wa kujifunza. Samaki hana joto lake mwenyewe kama kuku. Hufuata joto la maji, na kinga yake hujengeka upesi au polepole kufuatana na joto hilo. Salmoni wa maji ya baridi huhitaji wiki nyingi. Sato katika maji ya nyuzi 28 huhitaji kama wiki 3. Samaki aliyekwisha kuugua hana wiki hizo.

Namna za kuchanja ni tatu. Ya kwanza ni sindano ya tumboni, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Samaki hulazwa kwanza kwa dawa ya usingizi, kisha hudungwa mmoja mmoja, na awe na uzito wa gramu 15 hivi au zaidi. Dozi ni ndogo, kama mililita 0.05. Fanyeni hesabu: chupa ya nusu lita inatosha samaki 10,000. Kikundi chetu kina samaki wasiozidi 1,000, na chanjo iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida haiwekwi mpaka msimu ujao. Aidha, kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu tunaujua. Namna ya pili ni kuwachovya vifaranga katika maji yenye chanjo kwa muda mfupi. Ni rahisi, lakini kinga yake mara nyingi ni hafifu na haidumu. Ya tatu ni kuchanganya chanjo na chakula. Hiyo kila mtu angeipenda, ila tumbo la samaki huimeng’enya kama chakula kingine kabla haijafanya kazi.

Sasa turudi Mchikichini. Kabla ya kutuandikia, mweka hazina alikwenda Kariakoo, kwenye maduka ya dawa za mifugo yaliyo kuzunguka soko, akaomba chanjo ya samaki. Katika duka moja alipewa pakiti ya unga, akaambiwa achanganye na chakula siku 5. Tulipoiona ile pakiti tuliikuta ni antibiotiki ya kuku. Hatumlaumu sana mama yetu huyu. Alikwenda na shida, akarudi na alichopewa. Lakini samaki mgonjwa huacha kula, hivyo dawa iliyo kwenye chakula huliwa na wazima, na inayobaki huyeyuka majini. Maji yale yakibadilishwa huenda mtaroni. Bakteria wanaozoea dawa hiyo hawabaki kwenye samaki tu, na dawa nyingi za jamii hiyo ndizo tunazopewa sisi hospitalini.

Tulikwenda kulala huko siku moja ili tuone asubuhi. Saa 11 alfajiri samaki wote wa tangi la pili walikuwa juu ya maji, vinywa wazi, wakitafuta hewa. Maji yalikuwa ya kijani kibichi kama mchicha uliosagwa. Mimea midogo inayoleta kijani hicho hutoa oksijeni mchana, lakini usiku huivuta, na kunapokaribia kucha imebaki kidogo mno. Hapo hakuna chanjo itakayosaidia. Hata mwishoni mwa mwaka 2022, samaki wengi walipokufa kwenye vizimba vya Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti wa serikali ya huko walitaja upungufu wa oksijeni.

Kwa hiyo kamati ijifunze kutofautisha. Samaki wakifa wengi kwa usiku mmoja, wakubwa kwa wadogo, shukuni maji kwanza. Wakifa wachache kila siku na idadi ikapanda, wengine wakizunguka kama pia, macho yametoka nje, ngozi imekuwa nyeusi au ina vidonda, hapo shukuni bakteria. Katika hali hiyo chukueni samaki walio hai lakini wanaougua, si waliooza, mkawapeleke siku hiyo hiyo kwa afisa uvuvi wa halmashauri ili aelekeze maabara. Msiwagandishe kwenye friza.

Na sisi tunakiri kosa letu. Tulipoidhinisha mradi huu tulilipia zege, vifaranga na chakula. Hatukuweka hata shilingi moja kwa ajili ya pampu ya hewa wala vifaa vya kupimia maji, na hatukuwaambia wanakikundi kwamba maji ya bomba yenye klorini yanapaswa kuachwa wazi siku moja au mbili kabla ya kuingizwa kwenye tangi. Samaki waliokufa walikuwa ada ya shule ya watoto wa watu.

Ombi la chanjo hatukulikubali. Badala yake fedha zimekwenda kwenye pampu 3, kipimo cha oksijeni na amonia, na kupunguza samaki katika kila tangi. Tangu hapo kikundi huandika vipimo kila alfajiri katika daftari, na vifo vimepungua, ingawa tangi la pili bado linatupa wasiwasi. Samaki 4 waliokuwa na macho yaliyovimba wamepelekwa kupimwa. Majibu yakionyesha streptokokasi, suala la chanjo litarudi mezani, na hapo tutaona kama vikundi kadhaa vinaweza kuagiza chupa moja kwa pamoja. Sharika zenye mabwawa zitume idadi ya samaki wao ofisini kabla ya kikao kijacho cha miradi.