Nepi za watu wazima: Kubwa zaidi si bora zaidi

Katika chumba kimoja cha kupanga mtaani Kamwokya, jijini Kampala, ambako familia nzima hulala pamoja na choo hutumiwa na kaya kadhaa, mtu mzima asiyeweza kuzuia mkojo hana pa kuificha hali yake. Wengi hukimbilia vitambaa vya nguo kuukuu, au pedi za hedhi zinazopatikana katika kila duka.

Pedi hizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Damu ya hedhi hutoka polepole na kwa uzito. Mkojo hutoka kwa kasi na kwa wingi. Pedi ya hedhi hulowa mara moja, ngozi hubaki na unyevu, na harufu husambaa.

Hata hivyo, kabla ya kununua chochote, lipo swali linalotangulia: mkojo unavuja kwa nini? Mwanamke ambaye mkojo ulianza kumtoka mfululizo, usiku na mchana, baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu, huenda ana fistula. Kichwa cha mtoto kinapokwama, hubana nyama zilizo kati ya kibofu na uke hadi zikakosa damu, zikafa na kuacha tundu. Hakuna nepi inayoziba tundu hilo. Upasuaji mara nyingi huliziba, na hospitali ya Mulago, ambako upasuaji huo hufanyika, ipo jirani kabisa na Kamwokya. Kumnunulia mgonjwa huyo nepi miaka nenda miaka rudi ni kumhifadhia ugonjwa unaotibika.

Sababu nyingine ni nyingi: tezi dume kwa wanaume wazee, kisukari, kiharusi, au misuli ya nyonga iliyolegea baada ya uzazi. Kwa hali hii ya mwisho, mazoezi ya kuikaza misuli hiyo kila siku kwa takriban miezi 3 huwasaidia wengi.

Anayevujisha matone anapokohoa au kucheka hutoshwa na pedi nyembamba ya mkojo. Anayetembea lakini hawahi kufika chooni hufaidika na nepi inayovaliwa kama chupi. Asiyeinuka kitandani anahitaji ile ya kufunga ubavuni, kwa kuwa mwuguzaji huibadilisha bila kumsimamisha. Ukubwa hupimwa kwa utepe kiunoni na nyongani, na kipimo kikubwa zaidi ndicho kinachofuatwa. Nepi inayopwaya huvujia mapajani, hata ingekuwa ya bei ghali.

Chupi za kitambaa zinazofuliwa hupunguza gharama kadiri muda unavyopita, ila hudai maji, sabuni na jua la kuanikia. Panapouzwa maji kwa mtungi, gharama hiyo nayo ihesabiwe.

Ngozi isafishwe na kukaushwa kila nepi inapobadilishwa. Mafuta yapakwe kidogo tu, maana yakizidi huzuia nepi kunyonya. Kujinyima maji ya kunywa hakufai: mkojo mzito hukiwasha kibofu na kuongeza haja.

Nepi iliyotumika haitupwi katika choo cha shimo wala mtaroni. Hujaza shimo kabla ya wakati wake, na huziba mitaro ambayo mvua ikinyesha Kamwokya hufurika hadi milangoni. Ikunjwe, ifungwe ndani ya mfuko, kisha ikabidhiwe kwa wazoa taka.