Vyombo vya Bibi: Jina Likipotea Hubaki Ganda

Mtu akinunua shati la mtumba katika Soko la Mchikichini, Ilala, haulizi lilivaliwa na nani kabla yake. Hulifua, akalivaa, na mambo yakaisha. Ama vyombo na mapambo ya wazee wetu hayako hivyo. Kikuku au kinu kikitengwa na habari za mwenyewe, sehemu kubwa ya thamani yake huwa imekwenda naye kaburini. Hili ndilo tunalopenda familia zetu zilitafakari wiki hii.

Kutoka Mchikichini hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, si safari ndefu. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940, yakaitwa kwa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Kijitonyama nako kipo Kijiji cha Makumbusho, ambako zimejengwa nyumba za jadi za makabila yetu. Tunawahimiza wazazi wawapeleke watoto wao huko. Lakini tusidhani kwamba makumbusho yatatufanyia kazi iliyo yetu.

Tuchukue mfano wa kanga. Makumbusho ya Uingereza yaliyoko London yamehifadhi kanga za pwani yetu. Mtaalamu wa huko aweza kueleza pindo, mji na jina; aweza pia kueleza kwamba maandishi ya kanga za zamani yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kirumi. Lakini nani alimpelekea nani kanga ile, na jina lile lilikuwa pongezi au kijembe? Hayo huyajua jamaa tu.

Hali ni nzito zaidi Berlin. Katika makumbusho ya mji huo vimo maelfu ya vitu vilivyotoka Tanzania Bara zama za ukoloni wa Kijerumani, vikiwemo vilivyotekwa katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Watafiti wa leo wanahangaika kutafuta vilitoka kwa nani, kwa kuwa waliovichukua mara nyingi waliandika kabila, wakaacha jina la mtu.

Wala jengo si ngao ya milele. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na baadaye ikawa makumbusho, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha.

Sasa tujiulize: ni vijana wangapi wa mitaa yetu wanaoweza kutofautisha kawa la kufunikia chakula na kifumbu cha kuchujia tui? Nani kati yao ajuaye kusuka ukili, na kuushona hata ukawa msala wa kuswalia? Furungu la mguuni, kipini cha puani, majasi ya masikioni, mtalawanda wa kuendea msalani, mrashi wa marashi na chetezo cha udi: baadhi ya maneno haya yanatoweka kabla ya vitu vyenyewe. Chetezo kingali kinafukizwa katika harusi zetu, na mkono wa mama unajua kiasi cha makaa na udi kinachofaa. Ujuzi huo haukai ndani ya kabati la kioo.

Basi tunashauri jambo dogo. Familia iketi na bibi au babu angali hai, iulize kila kitu cha zamani kilichomo ndani: kinaitwaje, nani alikitengeneza, nani alikitumia, na hutumiwaje. Majibu yaandikwe daftarini, au yarekodiwe kwa simu kwa sauti ya mzee mwenyewe. Kisha mtoto apewe mbuzi akune nazi, ashike mchi atwange, ajifunze kwa mikono yake.

Pana tahadhari moja. Kidani au bangili ya marehemu ni sehemu ya mirathi, hata kama thamani yake ni ndogo. Baada ya madeni na wasia, kila mrithi ana fungu lake. Asijitokeze mmoja akakitwaa kwa kisingizio cha kumbukumbu. Warithi watu wazima wakiridhia kibaki kwa mmoja wao, ni vyema. Lakini fungu la yatima aliye mdogo halitolewi kwa ridhaa ya wengine. Vivyo hivyo kwa anayetaka kukipeleka makumbusho au kukiuza kwa sonara kiyeyushwe: aanze kwa kuhakikisha ni chake. Na kikilazimika kuuzwa kwa sababu ya shida, basi kipigwe picha na habari zake ziandikwe kwanza.

Makumbusho huhifadhi mwili wa kitu. Jina lake, kazi yake na dua ya aliyekiacha ni amana iliyo mikononi mwetu. Wazee wanaoyajua haya wanapungua kila mwaka. Tuwaulize leo.

Wabillahi tawfiq.