Gesi Adimu Ndani ya Jiwe: Kunaswa au Kuzaliwa?



Kazi ya mwanaistilahi haiishii katika kuunda neno; humlazimu pia kuchunguza kama neno hilo linaeleza jambo jinsi lilivyo. Chukueni kundi la heliamu, neoni, arigoni, kriptoni na zenoni. Wapo wanaoziita gesi adimu, na wapo wanaoziita gesi ajizi. Majina yote mawili yana kasoro. Arigoni si adimu: ni takriban asilimia 0.93 ya hewa kavu, yaani zaidi ya mara 20 ya kabonidioksidi. Wala uajizi si kamili, kwani mwaka 1962 Neil Bartlett alifaulu kuiunganisha zenoni na elementi nyingine. Hata hivyo, uajizi ndio unaozaa swali letu. Atomi ambazo ni nadra kuungana na chochote hazishikwi na jiwe kwa nguvu za kikemia. Zinaingiaje, basi, na zinabakije humo?

Ziko njia mbili, na Kiswahili kina vitenzi viwili vya kuzitenganisha: kunaswa na kuzaliwa.

Gesi hunaswa pale lava inapoganda upesi. Katika lava ya moto gesi huyeyuka kama hewa iyeyukavyo majini, zikikaa katika nafasi zilizo baina ya atomi za silikoni na oksijeni. Heliamu, yenye atomi ndogo, huyeyuka kwa wingi kuliko zenoni. Lava ikimwagika kwenye sakafu ya bahari, kanieneo ya maji huzuia gesi isitoroke yote, na baridi huigandisha kabla fuwele hazijajipanga. Hicho ndicho kioo asilia: mpangilio wa kimiminiko uliogandishwa pamoja na gesi na viputo vyake.

Gesi huzaliwa pale potasiamu-40 iliyomo ndani ya madini inapobadilika yenyewe kuwa arigoni-40. Nusu ya potasiamu hiyo huisha kwa miaka bilioni 1.25 hivi, takriban sehemu moja katika kumi ya iliyobadilika huwa arigoni, na nyingine huwa kalisi. Fuwele huifungia arigoni hiyo. Joto kali huitoa, na hesabu huanza upya.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kwamba tabaka la Olduvai, Tanzania, lililotoa fuvu la Zinjanthropus alilolivumbua Mary Leakey mwaka 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Hesabu yao ilitegemea arigoni iliyozaliwa ndani ya madini ya volkano. Lakini mwaka 1968 ilidhihirika kwamba lava changa ya Kilauea, Hawaii, iliyoganda chini ya bahari, ilitoa umri wa uongo wa mamilioni ya miaka. Kioo kilikuwa kimenasa arigoni ya kale iliyokuja na magma, nayo ikahesabiwa kana kwamba imezaliwa humo.

Kwa hiyo, mwandishi au mfasiri anayeandika “arigoni iliyomo” na kuishia hapo amelificha swali lenyewe. Napendekeza vitabu vyetu vya sayansi vitenge daima arigoni iliyonaswa na arigoni iliyozaliwa. Vitenzi tunavyo; kilichobaki ni kuvitumia kwa uangalifu.