Pete Nne za Shaba Ndani ya Hiace ya Dizeli

Anayenunua Hiace ya dizeli iliyotumika hukagua bodi, viti na matairi, kisha anawasha injini, anaisikia ikinguruma vizuri na kuridhika. Ningemwomba aanze na sharti moja kwa muuzaji: gari liwe limelala, lisiwashwe kabla hajafika. Aguse injini kwa mkono kuhakikisha ni baridi. Dizeli ikishapata moto huficha mengi.

Nazungumzia hasa Hiace za umbo lililotoka mwaka 2004, zenye injini ya 1KD ya lita 3.0. Huko Japani injini hiyo ilichukua nafasi ya 2KD ya lita 2.5 mwaka 2007, na mwishoni mwa 2017 ikaipisha 1GD ya lita 2.8. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, 1KD nyingi zinazouzwa sasa zimeshachapa kazi hapa hapa nchini, kwenye matatu, kubeba watalii au mizigo ya dukani, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi si ushahidi wa kutegemea. Ni injini nzuri kweli. Ina nguvu, spea zake hazisumbui kupatikana na mafundi wanaijua. Lakini ina ugonjwa mmoja unaoua, na chanzo chake ni kitu kidogo mno.

Injini hii ina nozeli nne, na kila moja imekalia pete ya shaba. Kazi ya pete ni kuziba ili moto wa silinda usipande juu. Ikichoka, gesi yenye masizi hupenya pembeni mwa nozeli na kuingia juu ya hedi, chini ya tapeti kava, mahali oili inapozunguka. Masizi na oili hupikana pamoja mpaka yanakuwa mazito kama lami. Uchafu huo huteremka hadi kwenye sampu na kuziba chujio la wavu ambalo pampu ya oili hunyonyea. Dereva haoni kitu, gari linavuta kama kawaida. Kisha siku moja, limejaa abiria na linapanda mlima, oili haifiki inakotakiwa: turbo inaanza kulia, beringi za krenki zinasagika, injini inanoki. Taa ya oili ikiwaka, mara nyingi madhara yameshatokea.

Tazama sasa upande wa pesa. Pete zenyewe nne ni kitu cha bei ndogo. Kinacholipiwa zaidi ni ufundi wa kufungua na kufunga. Nozeli nne mpya za kampuni zinapita laki moja ya Kenya. Injini iliyonoki ni laki kadhaa, na juu yake uongeze siku ambazo gari liko chini bila kuingiza chochote. Ndiyo maana naona ni kosa kusubiri dalili. Gari ambalo historia yake hujui, badilisha pete mara tu unapolinunua. Na fundi asirudishie zile za zamani: shaba ikishabanwa mara moja haizibi tena vizuri. Pale pete inapokalia pasuguliwe mpaka masizi yote yatoke, la sivyo na mpya itavuja.

Kabla ya kununua, inua kiti cha mbele, maana injini iko chini yake, ufungue kifuniko cha kumiminia oili na kumulika ndani kwa tochi. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si tatizo. Unachotafuta ni utando mzito, mgumu, ulioganda kwenye kifuniko na kuta zake. Ukiuona, usitoe hata amana mpaka sampu ishushwe na chujio lionekane. Vuta dipstiki pia. Oili ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, kuna mvujo: katika injini hii bomba linalorudisha dizeli kutoka kwenye nozeli limepita chini ya tapeti kava, kwa hiyo linapovuja, dizeli inaingia moja kwa moja kwenye oili na kuidhoofisha.

Sasa iwashwe. Mlio mkali wa kugonga wakati injini ni baridi, unaopungua ikipata moto, mara nyingi ni nozeli. Fundi mwenye mashine ya kupimia ataona kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani kwa kila silinda. Mafundi wengi huchukulia tarakimu inayozidi 3, juu au chini, injini ikiwa imeachwa tu inanguruma, kuwa ya nozeli iliyochoka. Nozeli mpya ina namba yake inayotakiwa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari. Ukiuliza kuhusu namba hiyo na fundi akashangaa, tafuta mwingine.

Adui mkubwa wa nozeli ni dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, chini ya shinikizo linalozidi mara elfu moja ya lile la hewa, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukatisha tamaa mchezo huo. Nunua kituo unachokiamini, hata kama ni mbele kidogo.

Mkanda wa taimingi haujadiliwi: ukikatika, vali na pistoni hugongana, na hapo hedi lazima ifunguliwe. Kwenye rediyeta weka kulanti, si maji ya bomba. Hedi ni ya alumini na joto likizidi hupinda au kupasuka. Boljointi na busi za mbele huisha haraka kwenye barabara mbovu, ila hizo ni gharama za kawaida zisizomtisha mtu.

Muuzaji atakwambia mkanda na pete vilibadilishwa juzi. Mwombe risiti. Asipokuwa nayo, hesabu kwamba havikubadilishwa, jumlisha mkanda, pete, oili, filta zote na ufundi, kisha ukate kiasi hicho kwenye bei kabla hamjaandikiana.