Kisangani: Nani anapewa ufunguo wa programu huria?

Kila mwezi, wauguzi wa vituo vya afya vya Tshopo wanajaza ripoti: wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa, mama waliojifungua. Hesabu hizo zinaingizwa ndani ya DHIS2, programu ambayo wizara ya afya inatumia katika zoni zake 519 za afya. DHIS2 ni programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoifanya itembee, uko wazi kwa wote. Mwanafunzi wa UNIKIS anaweza kuusoma leo usiku, umeme wa SNEL ukikubali. Kuubadilisha ni jambo lingine.

Msimbo huo unatunzwa na timu ya Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway. Mtu wa nje anatuma pendekezo, wenye ufunguo wanalisoma, kisha wanalipokea ao wanalikataa. Kupewa ufunguo wenyewe, haki ya kuandika moja kwa moja, kunachukua muda. Katika miradi ya Apache, walio ndani wanaangalia kazi yako kwanza, wanapiga kura, ndipo wanakualika. Debian kwa kawaida inataka wanachama wake wathibitishe wewe ni nani, mara nyingi kwa kuonana uso kwa uso, kitambulisho mkononi. Kwa kijana wa Makiso, mwanachama wa karibu anaweza kuwa safari ya ndege mbali, na tiketi ni juu yake.

Ukali huo una sababu. Mwaka 2021, mtu aliyejiita Jia Tan alianza kutuma marekebisho kwa xz, programu ndogo iliyomo katika seva nyingi za Linux. Mtunzaji wake, Lasse Collin wa Finland, alikuwa anaifanya kwa kujitolea, naye alikuwa amechoka. Watu wasiojulikana wakamsukuma atafute msaidizi. Jia Tan akapata ufunguo. Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0, likiwa na mlango wa siri ndani. Tarehe 29 Machi, mhandisi Andres Freund alitoa siri hiyo hadharani. Alikuwa ameshangaa kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde hivi.

Tangu hapo jina lisilojulikana linatiliwa mashaka, na majina yetu ya Kisangani hayajulikani huko. Lakini Jia Tan alivumilia zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo uvumilivu peke yake si ushahidi. Kinga bora, kwa maoni yangu, ni kukataza mtu yeyote, hata wa zamani, kupitisha kazi yake bila mwingine kuisoma. Hapo kumpa mgeni ufunguo hakutishi sana.

OpenStreetMap imechagua njia nyingine: anayetaka kuongeza barabara ya Mangobo anafungua akaunti na kuichora siku hiyohiyo. Akikosea, historia ipo, wengine wanarudisha.

Kwa DHIS2, mlango wa karibu ni kuripoti makosa. Ofisi ya zoni ambayo intaneti yake inakatika mara tatu kwa saa inaona mambo ambayo Oslo haiyaoni.