Gari bila kitabu cha sevisi: Hesabu kwanza, bei baadaye

WANUNUZI wa magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam wana kawaida ya kuuliza mambo matatu: bei, kilomita na herufi ya namba. Swali la nne, yaani gari lilifanyiwa matengenezo gani na lini, huulizwa na wachache, na jibu lake mara nyingi ni kwamba kitabu kimepotea. Kupotea kwa kitabu si lazima kuvunje biashara. Lakini ni lazima kubadili bei.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mnunuzi mdogo anayetoa akiba ya miaka kadhaa, au mkopo wa SACCOS, ili gari lifanye kazi ya teksi au kubeba bidhaa. Injini ikifa mwezi wa pili, marejesho ya mkopo hayangoji gari litoke gereji.

KWA NINI VITABU HAVIPO

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayouzwa kwenye yadi na mitaani yametoka Japan. Huko gari jipya la binafsi hulazimika kukaguliwa kisheria baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na matengenezo huandikwa kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Gari linapouzwa, daftari hilo huweza kuondolewa kwa kuwa lina habari za mwenye gari, au hupotea njiani. Likishaingia nchini, gari huhudumiwa kwenye gereji za mitaani ambako fundi hulipwa mkononi na risiti ni nadra. Hivyo gari la miaka 15 linaweza kuwa limeishi katika nchi mbili bila kubakiwa na maandishi ya hata moja.

Umri huongeza tatizo. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Tanzania haiweki ukomo huo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi wa Tanzania hukutana na magari yenye historia ndefu zaidi.

Aidha, herufi ya namba haisaidii kama wengi wanavyodhani. Gari la "namba E" hutajiwa bei ya juu kuliko la "namba D", lakini herufi hiyo huonyesha tu wakati gari liliposajiliwa nchini. Mwaka wa kutengenezwa hutafutwa kwa namba ya chesisi.

KARATASI ZA KUULIZIA

Kitabu kikikosekana, zipo karatasi nyingine. Cheti cha kusafirisha gari nje ya Japan huonyesha kilomita zilizorekodiwa huko. Karatasi ya mnada hueleza hali ya gari siku lilipouzwa: daraja la 4 ni gari zuri, 3 ni lililochoka kiasi, na herufi R kwa kawaida humaanisha limewahi kupata ajali na kutengenezwa.

Mnunuzi akikuta miaka ya Kijapani, asiiache. Mwaka wa Heisei ukijumlishwa na 1988 hutoa mwaka wa kawaida, kwa hiyo Heisei 22 ni 2010. Mwaka wa Reiwa hujumlishwa na 2018. Kwa njia hiyo kilomita za kwenye karatasi zinaweza kulinganishwa na zile za kwenye dashibodi. Iwapo za dashibodi ni pungufu, mita imechezewa.

Bila karatasi yoyote, hesabu ndogo bado inafaa. Gari la miaka 12 lenye kilomita 48,000 lingekuwa limetembea kilomita 4,000 kwa mwaka, sawa na kilomita 11 kwa siku. Hilo linawezekana. Lakini kama pedali ya breki imelika, usukani umekuwa laini na kiti cha dereva kimezama, kilomita hizo hazifai kuaminiwa.

FUNDI AANGALIE NINI

Fundi awe wa mnunuzi, si wa dalali, na gari likaguliwe asubuhi injini ikiwa baridi. Gari lililokutwa limeshapashwa moto huenda linafichiwa ubovu wa kuwaka.

Tope zito jeusi chini ya kifuniko cha oili ni dalili kwamba oili ilikaa muda mrefu bila kubadilishwa. Maji ya rejeta yenye kutu au mafuta ni onyo. Moshi wa bluu huonyesha injini inakula oili. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi ni wa mafuta kuzidi. Oili ya giaboksi ya otomatiki ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, matengenezo yake ni ya gharama kubwa.

Swali la mkanda wa taiming lisisahaulike. Toyota IST hutumia cheni, lakini injini nyingine, kama 1HZ ya dizeli ya Land Cruiser, hutumia mkanda ambao kwa magari ya Japan kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Pasipo maandishi, mkanda uhesabiwe kuwa haujawahi kubadilishwa.

KUPANGA BEI

Kanuni hiyo hutumika kwa kila kitu: kazi isiyo na ushahidi ihesabiwe haijafanyika. Chukua mfano wa gari lenye kumbukumbu kamili linalouzwa shilingi milioni 12. Pembeni yake lipo la aina na umri uleule, bila kitabu, kwa milioni 11.5. Fundi akikadiria oili zote, filta, mkanda, brekipedi na matairi kuwa milioni 1.4, na mnunuzi akatenga laki 6 kwa ubovu usioonekana, gari hilo la pili litamgharimu milioni 13.5. Ili yalingane, analipaswa kulipwa milioni 10. Punguzo la laki 5 lililomvutia lilikuwa hasara ya milioni 1.5.

Muuzaji mkweli huweza kuzungumza juu ya hesabu hiyo, kwani kila kipengele kina bei yake dukani. Anayekataa gari lisipelekwe gereji ameshatoa jibu.

Hata hivyo, zipo kumbukumbu ambazo upungufu wake haununuliki kwa punguzo lolote. Kadi ya gari iwe halisi, namba za chesisi na injini zifanane nayo, na muuzaji awe mwenye jina lililomo au mwenye idhini yake ya maandishi. Madeni ya faini za barabarani na uhai wa bima viangaliwe kwa namba ya gari kabla ya fedha kutoka. Mkataba wa mauziano utaje kilomita zilizosomwa siku hiyo, kisha umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa.

Baada ya hapo, mnunuzi afungue daftari lake mwenyewe na kutunza kila risiti. Siku atakapouza, naye ataulizwa.