Kaskazini mwa Kenya kwa bajeti ya familia: Bana matumizi, ila usibane maji, tairi wala saa

Likizo ya Agosti ikikaribia, swali huwa lile lile katika nyumba nyingi: tuwapeleke wapi watoto? Wengi huishia kwa nyanya kijijini, na wenye kujiweza kidogo huteremka Mombasa. Wachache hufikiria kaskazini, na ukiwauliza watakuambia ni mbali, ni ghali na barabara ni mbovu.

Hilo la barabara lilikuwa kweli zamani. Kati ya Isiolo na Marsabit palikuwa na njia ya mawe na vumbi iliyovunja magari na migongo ya abiria, na safari ingeweza kumaliza siku nzima. Tangu miaka ya 2010 ilipotiwa lami, barabara kuu ya A2 inateleza kutoka Nairobi hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Ni kipande cha barabara inayonuiwa kuunganisha Cairo na Cape Town. Sasa familia yenye gari la kawaida inaweza kuona mlima wenye theluji, mbuga ya wanyama, msitu juu ya volkeno na jangwa la mawe meusi kwa siku sita, bila kutoka sana kwenye lami.

Jambo la kuamua kabla ya kufunga mizigo ni wapi pa kupunguza gharama na wapi pa kuacha. Malazi, chakula na gari la kuzungukia mbugani vinapunguzika. Maji, tairi, mafuta na saa za mchana havipunguziki, hasa ukiwa na watoto.

Siku ya kwanza: Mlima Kenya hadi Isiolo

Ondokeni Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Faida ni mbili: msongamano wa Thika Road hautawapata, na mtaukuta Mlima Kenya kabla haujajifunika mawingu. Mlima huo wa mita 5,199, wa pili kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro, huonekana vizuri asubuhi, na mara nyingi ikifika saa nne au tano hivi hujificha.

Nanyuki, yapata kilomita 200 kutoka Nairobi, kuna kibao cha ikweta. Watoto wapige picha mguu mmoja ukiwa kusini na mwingine kaskazini, haigharimu chochote. Baada ya hapo barabara hupanda hadi mashamba ya ngano ya Timau, kwenye baridi ya kuhitaji sweta, kisha huteremka ghafla kuelekea Isiolo. Kwa muda usiofika saa moja mtoto ataomba kuvua sweta hiyo. Hapo mzazi anaweza kumfundisha jiografia bila kitabu: kadiri unavyoshuka, ndivyo joto linavyoongezeka, na miti inabadilika kuwa migunga.

Isiolo ndio mji wa kujipanga. Jazeni tangi, pimeni upepo wa tairi zote pamoja na spea, nunueni maji na matunda. Maziwa ya ngamia yanauzwa mjini humo. Yachemsheni kabla ya kuwapa watoto.

Siku ya pili: Samburu

Archers Post iko chini ya kilomita 40 kaskazini mwa Isiolo, nayo ndiyo mlango wa Mbuga ya Samburu, iliyo kando ya mto Ewaso Nyiro. Hapa kuna wanyama ambao watoto hawatawaona Nairobi National Park: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, ambaye wengi waliobaki duniani wako Kenya, twiga mwenye mabaka yaliyochorwa kama wavu, swala twiga anayesimama kwa miguu miwili ili afikie majani, choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya samawati.

Kuna na kisa cha kuwasimulia njiani. Mwaka 2002, katika mbuga hiyo, simba jike aliyepewa jina Kamunyak alimchukua ndama wa choroa na kumlinda badala ya kumla. Watoto watauliza kwa nini, na wataalamu nao waliuliza vivyo hivyo.

Namna ya kuokoa pesa hapa ni kulala nje ya mbuga, Archers Post au Isiolo, au kupiga hema katika kambi za umma. Mbuga hii husimamiwa na kaunti, si shirika la KWS. Kwa hiyo pigeni simu mapema mjue ada ya raia, ada ya watoto, namna ya kulipa na tiketi hudumu kwa saa ngapi. Ikiwa ni saa 24, ingieni alasiri, tokeni mkalale, mrudi alfajiri: mtapata nyakati mbili nzuri za kuona wanyama kwa tiketi moja.

Gari dogo hukwama kwenye mchanga wa mbugani. Ni nafuu familia mbili kuchangia gari la kukodi lenye dereva wa huko kwa nusu siku kuliko kulipia trekta la kuwavuta. Mkipiga hema, chakula kisibaki nje, kwa sababu nyani ni wezi hodari. Na mtoto yeyote asisogee mtoni, kwa kuwa Ewaso Nyiro una mamba.

Siku ya tatu na ya nne: Marsabit na jangwa

Kutoka Archers Post lami hupita chini ya Ololokwe, mlima wa mwamba wenye kilele bapa ambao Wasamburu wanauheshimu kama mahali patakatifu. Kisha nchi inakuwa kavu zaidi: Merille, Laisamis, tambarare za Kaisut. Ghafla mbele hutokea mlima wa kijani. Huo ni Marsabit, volkeno ya kale inayokamata unyevu wa upepo na kuugeuza kuwa ukungu na msitu. Usiku kuna baridi, kwa hiyo zile sweta za Timau zisiwe chini kabisa ya mizigo.

Mbuga ya Taifa ya Marsabit iko pembeni mwa mji, na ada yake hulipwa kwa KWS kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni. Ndani yake kuna Ziwa Paradise, lililo katika shimo la volkeno, ambako ndovu hushuka kunywa maji. Huku ndiko alikoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ajabu, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974, na mfano wake umesimama katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Ikiwa watoto wamewahi kuuona huko, sasa wataona nyumbani kwake. Mvua ikiwa imenyesha, msiingie na gari dogo. Njia za msituni huteleza.

Karibu na mji, eneo la Ulanula, kuna visima vya kina kirefu ambako wafugaji hupanga mstari na kupitisha ndoo mkono kwa mkono huku wakiimba ili mifugo inywe. Nendeni na mwenyeji, ombeni ruhusa kwanza, na simu za kupigia picha zikae mfukoni hadi mkubaliwe. Mtoto aliyezoea kufungua mfereji na kuacha maji yakimwagika atajifunza mengi hapo kwa dakika chache.

Jangwa nalo halihitaji safari ya pili. Endesheni kilomita 50 au 60 kutoka Marsabit kwenye lami ya Moyale na mtajikuta katikati ya Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkeno unaofika upeo wa macho. Simameni, shukeni, sikilizeni ule ukimya, kisha mgeuze gari.

Wengi hapa hushawishika kuendelea hadi Chalbi na Ziwa Turkana. Kwa bajeti ndogo, ni heri kuacha hayo kwa mwaka mwingine. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, na ikinyesha hugeuka tope la kunasa hata magari makubwa. Sehemu nyingi hazina mtandao wa simu. Safari hiyo inataka magari mawili ya kuvuta magurudumu manne, spea zaidi ya moja na mwenyeji anayeijua njia. Anayejaribu kuifanya kwa gari dogo ili aokoe pesa anaweka watoto wake rehani.

Siku ya tano rudini mlale Isiolo au Nanyuki, na ya sita mfike nyumbani.

Hesabu ya mafuta

Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko hiyo, ni kama kilomita 1,300. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litahitaji takriban lita 110. Ongezeni lita 10 za tahadhari. Bei hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, nayo hutofautiana mji kwa mji. Zidisheni kwa bei ya Isiolo au Marsabit, siyo ya Nairobi. Familia mbili zikitumia gari moja la viti saba, gharama hiyo hugawanyika nusu kwa nusu.

Upande wa chakula, bebeni jiko dogo, mchele, ndengu, mayai ya kuchemsha na chapati za siku ya kwanza.

Yasiyobanwa

Maji: wekeni akiba ya lita tano kwa kila mtu kwa siku, na mtungi mwingine kwa ajili ya rejeta. Injini ikichemka, msifungue kifuniko cha rejeta hadi ipoe. Mtoto mwenye mdomo mkavu, anayekojoa kidogo mkojo wa rangi nzito, anayelia bila machozi au anayelegea na kusinzia ameishiwa maji. Mpeni ORS, na ikikosekana changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo. Akiendelea kulegea, pelekeni hospitali. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata kwenye joto hilo. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji ya kutosha.

Gari lililofungwa: msimwache mtoto ndani hata kwa dakika tano za kununua mkate.

Mito mikavu: inaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha milima ya mbali. Maji yakiwa yanapita, subirini yapungue, hata kama matatu iliyo mbele yenu imevuka.

Saa: msiendeshe usiku kaskazini mwa Isiolo. Ngamia na ng'ombe hulala barabarani, na kuna vipindi ambapo wahalifu au mizozo ya jamii huvuruga usalama. Kila asubuhi kabla ya kuondoka, ulizeni kituo cha polisi kuhusu hali ya njia. Wakiwaambia msubiri, subirini, na pangeni pesa za usiku mmoja wa ziada tangu nyumbani ili kungoja kusiwaumize.

Wasio na gari wanaweza kufika Marsabit kwa basi, kisha wakakodi gari la huko kwa siku moja ya mbuga na jangwa. Ulizeni ratiba kwanza na mchague basi litakalowafikisha mchana.